Natembea kwa Amri ya Daktari

Jumatatu, 1 Julai

Sieni kasema gari liuzwe. Kasema huku anafunga lambalamba za nanasi kwenye vifuko, hata kichwa hakuinua. Telesia mkopeshaji anatudai tala elfu nne, mwisho ni tarehe kumi na tano, na dhamana ni friza ya Sieni. Niliyeiandika kuwa dhamana ni mimi. Mwaka jana lilionekana wazo zuri.

Nikamkumbusha mke wangu kwamba mimi ni shemasi, tena karani wa ofisi ya maji. Shemasi hatembei barabarani kama nguruwe aliyekata kamba. Akajibu kwamba dawa ya deni ni kulipa. Friza ikichukuliwa, lambalamba zimekwisha, na karo ya watoto imekwisha nazo, halafu jioni atatupikia huo ushemasi tule.

Nimekubali. Ila nitaliuza kwa akili. Falaniko asijue hata kidogo. Huyu ni shemasi mwenzangu, nyumba yake inatazamana na yangu, na kwa miaka kumi na mmoja tumekaa benchi moja kanisani. Sauti ya kuimba anayo yeye. Gari ninalo mimi. Nikilipoteza nitabaki na nini?

Jumatano, 3 Julai

Mnunuzi kapatikana, tena bila jasho. Kijana wa kisiwa cha Savai'i, jina lake Uelese, alikuja ofisini kulipia maji ya shangazi yake. Nikamsikia anamwambia mlinzi kwamba anatafuta gari.

Kwetu ukikutana na mtu, swali la kwanza ni wewe ni wa nani, umeoa wapi, mama yako katoka kijiji gani. Safari hii sikuuliza. Ukimuuliza mtu ukoo wake, naye atakuuliza wako, na siri inaishia hapo. Nilijisifu sana moyoni kwa hilo.

Bei tala elfu tano na mia tano. Nikampunguzia mia tatu kwa sharti moja tu, gari livuke bahari liende Savai'i. Kijana akaapa litavuka. Tukapeana mikono.

Ijumaa, 5 Julai

Gari limeondoka alfajiri. Nililisindikiza kwa macho mpaka kwenye kona ya kanisa. Nililipungia mkono, sitaki kusema uongo. Miaka sita limenibeba, na kiti cha mbele kilishajua umbo langu.

Sieni alihesabu elfu nne, akaziweka kwenye bahasha ya kaki, akaifunga kwa gundi ya karatasi raundi tatu, akaiweka droo ya chini, juu ya vitabu vya nyimbo. Zile elfu moja na mia mbili zilizobaki zimekwenda kwenye karo na umeme. Akataka tukalipe deni leo leo. Nikakataa. Ukimlipa mkopeshaji kabla ya siku, atadhani unamwogopa. Tutalipa tarehe kumi na tano, saa nne asubuhi, kwa heshima zetu. Sieni akaisukuma droo kwa mguu.

Jioni Falaniko akauliza toka kibarazani kwake gari liko wapi. Jibu nilishaliandaa. Nikamwambia daktari kanikuta na sukari, kaniamuru nitembee kila siku, nami nimelipeleka gari kwa ndugu ili nisishawishike. Falaniko akasikitika sana. Akasema ataniombea.

Safi kabisa. Hakuna aibu hata chembe.

Jumamosi, 6 Julai

Falaniko kaniombea kweli, tena kwa sauti, kwenye mazoezi ya kwaya. Kijiji kizima kinajua nina sukari.

Saa tatu akaja Mama Losa, mkuu wa kamati ya wanawake, na kile kipimo chake cha sukari. Akanitoboa kidole. Sukari ni ya kawaida kabisa. Nikafikiri nimeumbuka. Lakini Mama Losa akafurahi, akasema, "Umeona, mwanangu? Umetembea siku moja tu na dawa imeshafanya kazi. Usiache."

Akaniachia orodha ya vitu nisivyoruhusiwa. Taro, yaani magimbi. Mkate. Nyama ya kopo. Majani ya taro kwa tui la nazi. Nikamuuliza kimebaki nini. Akasema tango.

Jumapili, 7 Julai

Chakula cha baada ya ibada. Jiko la mawe ya moto limefunuliwa, nguruwe kaiva, tui limeganda juu ya majani jinsi ninavyopenda. Nimekula tango. Mama Losa aliketi mkabala nami muda wote.

Falaniko alikula sehemu yangu. Alisema anafanya hivyo kunisaidia.

Jumatatu, 8 Julai

Kwenda kazini. Mbwa wote wa barabara hii walilijua gari langu, ila miguu yangu hawaijui. Wa kwa mchungaji ndiye mbaya kuliko wote. Nimepoteza ndala moja.

Mpango mpya. Natembea kishujaa mpaka nipite kona ya pili, pasipoonekana na mtu wa kijiji, halafu nangoja basi. Basi likaja. Nikapanda. Nilikuwa nimesahau kwamba basi hilo linatoka kijijini kwetu. Wote walikuwemo. Mama Losa alikuwa kiti cha mbele.

Nikashuka, nikasema nilipanda kusalimia tu. Nilifika ofisini saa tano.

Alhamisi, 11 Julai

Siku mbaya.

Nikirudi kazini, karibu na daraja, nikasikia mlio wa injini ninaoujua kama sauti ya mama yangu. Gari langu. Ndani yake Falaniko, kavaa miwani ya jua, mkono nje ya dirisha.

Uelese ni mkwe wake, na gari kamnunulia yeye. Kamwoa binti yake wa tatu, na harusi ilifanyika Savai'i, mimi sikwenda kwa sababu nilikuwa nimenuna. Gari limevuka bahari kama tulivyopatana. Limelala huko usiku mmoja. Kisha limevuka kurudi.

Nilimkabili Falaniko kuhusu sharti. Akasema sharti lilikuwa la kwenda, la kurudi hakuna aliyelisema. Kisha akafungua mlango wa abiria, akasema kwa upole, "Basi panda, shemasi mwenzangu, nikufikishe nyumbani." Mvua ilikuwa inaanza. Nikainua mguu. Mara akaurudisha mlango akajipiga paji la uso. "Aa, nisamehe ndugu yangu. Daktari wako!"

Akaondoka taratibu. Nililowa mpaka kwenye mifupa. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee, lakini hawakusema lolote kuhusu mtu anayeficha afya.

Nimemwambia Sieni yote. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akafuta machozi akauliza kama bahasha bado ipo. Nikamwambia ipo. Akasema, sawa, mradi friza ipo, Falaniko na anunue hata meli.

Jumamosi, 12 Julai. Hapana, 13.

Kesho ni mchango wa mwaka kanisani. Kila nyumba inapeleka bahasha mezani, mtunza hazina anaifungua na kusoma jina na kiasi mbele ya wote. Sieni katenga tala mia mbili, kwenye bahasha nyeupe ndogo. Nimesikia Falaniko anatoa mia saba. Mia saba! Na gari!

Sieni alikwenda mjini asubuhi kununua sukari ya lambalamba. Alichelewa kurudi, kisha akaingia jikoni na lambalamba zake. Mimi nilikaa na droo ya chini. Niliishika tu ile bahasha ya kaki. Nene, nzito. Mtu ukiishika hivyo unajihisi mtu.

Wezi hupenda Jumapili, nyumba zikiwa tupu. Kesho nitaibeba kanisani kwa usalama. Hakuna sababu nyingine.

Jumapili, 14 Julai

Naandika nikiwa nyuma ya nyumba, kwenye mawe ya jiko. Ndani siingii.

Mtunza hazina wetu, mzee Pouono, ana miaka themanini na moja. Haoni vizuri, hasikii vizuri, na hana mazoea ya kuruka neno. Chochote kilichomo kwenye bahasha anakisoma.

Akasoma, "Falaniko na nyumba yake, tala mia saba." Watu wakanong'ona kwa heshima. Falaniko akatazama dari kama malaika. Na kanisani alikuja na gari langu.

Sijui nilisimamaje. Mguu ulisimama wenyewe. Nia yangu ilikuwa kutoa mia nane tu, namwapia Mungu, mia nane. Lakini ile gundi ya Sieni ilikuwa raundi tatu, na kanisa zima linanitazama. Huwezi kuchana bahasha kwa meno mbele ya madhabahu uanze kuhesabu. Nikaiweka yote mezani. Moyoni nikasema chenji nitaidai Jumatatu. Kisha nikaikumbuka friza. Nikamwona Sieni kwenye benchi la wanawake kafumba macho, nikadhani anaomba. Nilitaka kufa.

Mzee Pouono akaichana. Akatoa makaratasi. Akayasogeza puani. Akasoma kwa ile sauti yake ya kiziwi:

"Aperamo na nyumba yake. Stakabadhi. Jumamosi tarehe kumi na tatu. Nimepokea kutoka kwa Sieni tala elfu nne, fedha ya gari lililouzwa. Deni la mumewe limekwisha. Friza si dhamana tena. Telesia."

Akageuza ukurasa. Akaanza kusoma mkataba wenyewe, kifungu cha kwanza. Mchungaji alimzuia kwenye kifungu cha nne.

Mtu mmoja upande wa kwaya akapasuka kicheko, likafuata kanisa zima. Mama Losa peke yake hakucheka. Aligeuka taratibu kwenye benchi lake akaniuliza, kwa sauti ya kusikika, "Kwa hiyo na tango ulikula bure?"

Sieni akaja mbele na ile bahasha ndogo. Ikasomwa, "Sieni, tala mia mbili." Wakampigia makofi. Falaniko na mia saba zake hakupigiwa.

Jumatatu, 15 Julai

Leo ndiyo ilikuwa siku ya deni. Hakuna aliyekuja. Friza inanguruma jikoni kama kawaida.

Sieni kasema alijua nitaibeba bahasha. Miaka ishirini na mbili ya ndoa. Ndiyo maana Jumamosi alikwenda kulipa, akarudisha stakabadhi na mkataba mlemle kwenye bahasha, akaifunga tena kwa gundi, ili nisihisi wepesi. Hakunigombeza. Aliniwekea taro mbili na tui juu. Nilikula nikiwa na uchungu na shibe kwa pamoja. Nilimshukuru, na nilikuwa namaanisha.

Nimekoma. Naandika hapa kwa wino. Aperamo kakoma.

Jumapili, 21 Julai

Natembea. Mbwa wa mchungaji sasa ananifuata kwa urafiki. Suruali imepwaya. Tumeweka tala sitini kwenye kopo.

Mambo ya Falaniko si mazuri. Mwenye gari kijijini si mwenye gari, ni dereva wa wote. Jumatatu alibeba kwaya. Jumanne mgonjwa. Jumatano maiti na ndugu wa maiti. Alhamisi taro za mchungaji, magunia kumi na mawili. Hakuna anayelipia mafuta, na shemasi hakatai. Haya yote yalikuwa yangu zamani. Nilikuwa nimesahau.

Namwonea huruma. Kidogo.

Ijumaa, 26 Julai

Ushindi!

Falaniko alikuja asubuhi, kakonda, macho mekundu. Akasema anataka kuliuza gari, na kwa heshima kaona aanze na mimi. Elfu sita na mia tano, kwa sababu kabadilisha tairi mbili. Nilimwona alivyo mnyonge. Miaka kumi na mmoja nimengoja siku hii. Mtu anakupa ushindi mkononi, utamwambia hapana?

Mchana nikapita kwa Telesia. Akauliza kama Sieni anajua. Nikasema Sieni hupenda kushtukizwa. Akauliza dhamana. Nikaandika friza. Mwandiko wangu safari hii ulikuwa mzuri zaidi.

Nimerudi nyumbani naendesha, dirisha wazi. Kiti bado kinalijua umbo langu. Nikampita Falaniko karibu na daraja, anakwenda kwa miguu, mbwa wa mchungaji nyuma yake. Nikapunguza mwendo nikamkaribisha apande. Akasema ahsante, lakini daktari kamwamuru atembee. Alikuwa anatabasamu. Sijui kwa nini.

Sieni bado yuko sokoni. Nitamwambia Jumapili, akishaketi ndani ya gari. Kwaya wameshaniomba niwapeleke Lotofaga kesho, nimewakubalia. Mafuta nitayatoa kwenye lile kopo lake.