Maua ya Kimondo kwa Harusi ya Maren

Jumamosi, 20 Mei
Yamechanua! Mimi na mke wangu Ardis tulisia mbegu miaka mitano iliyopita, kwenye kipande cha mbuga nyuma ya ghala, na leo ndiyo mara ya kwanza. Maua ya kimondo, rangi ya waridi, petali zimerudi nyuma kama nywele za mtu aliyetoa kichwa dirishani mwa gari. Mchana Erling akamposa binti yetu Maren palepale katikati ya maua. Akakubali. Wanataka kufungia ndoa hapohapo, tarehe tano Agosti. Nikamwambia Maren maua yatakuwepo tele, aniachie mimi. Ardis akauliza nina hakika gani. Swali la ajabu.

Jumatatu, 12 Juni
Maua yamepukutika, vimebaki vikonyo vya mbegu. Si kitu. Yatatoa mengine. Delbert, jirani yetu na baba yake Erling, aliegemea uzio akachungulia. Huyu hupanda maua ya gladiola na kuringa nayo kila maonyesho ya wilaya.
“Norbert, hayo ikifika Julai yanalala,” akasema. “Hutaona hata jani.”
Nikamwambia labda ya kwake. Akasema yeye hana. Basi, nikamwambia, ndiyo maana hujui.
Wivu mtupu. Anataka harusi ijae gladiola zake.

Jumatano, 21 Juni
Majani yana unjano. Kiu, bila shaka. Nimemwagilia asubuhi, mchana na jioni. Viatu vimezama kwenye tope.

Jumanne, 27 Juni
Unjano umezidi. Kumbe ni jua. Nimesimika vijiti, nikatandaza shuka juu yake kama hema. Kivuli safi kabisa. Baadaye Ardis akauliza shuka za wageni ziko wapi, kisha akachungulia dirishani.

Jumamosi, 8 Julai
Hakuna jani hata moja. Udongo mtupu, kama sikuwahi kupanda kitu. Nilizunguka pale muda mrefu nikifikiria uso wa Maren. Mwishowe nikachimba mche mmoja, nikitarajia kukuta uozo. Mizizi ilikuwa myeupe, minene, imara, na katikati kichipukizi kidogo mfano wa ncha ya kidole. Mzima kabisa. Nikakaa chini kwenye udongo, machozi yakinilenga.
Kwa hiyo yamelala kweli. Delbert kabahatisha. Lakini kitu kilicholala si kinaamshwa?

Jumapili, 16 Julai
Nimepata mbinu wakati wa mahubiri. Nitayadanganya. Yakipigwa baridi siku chache, kisha yakitolewa kwenye joto, yatadhani majira ya baridi yamekwisha. Nimeng’oa miche mitatu na kuificha kwenye friji, nyuma ya soseji za harusi.

Alhamisi, 20 Julai
Ardis ameiona. Udongo ulikuwa umeingia kwenye soseji. Akaniita kwa majina yangu yote matatu, jambo ambalo si dalili njema. Halafu akaketi sakafuni, akacheka mpaka akashika mlango wa friji asianguke. Akaniambia nikairudishe ilikotoka, na nimwambie mtoto ukweli. Miche nimeirudisha.

Jumanne, 1 Agosti
Nimempigia Maren simu. Nilizungumzia mvua, nikazungumzia bei ya maziwa, hatimaye nikasema.
“Baba, baba yake Erling alishaniambia tangu Juni,” akajibu. “Nilikuwa nangoja tu kuona utaniambia lini.”
Nikauliza kama tuhamishie harusi kanisani. Akasema hapana, aliposwa pale, ataolewa pale, kuna maua au hakuna.

Jumamosi, 5 Agosti
Delbert alifika mapema, gari limejaa ndoo za gladiola. Nilijua. Akashika rundo, akataka kulichomeka kwenye udongo wangu. Nikamzuia: atatoboa mizizi iliyo chini. Nilingoja anicheke. Akavua kofia, akaanza kupanga ndoo pembeni, kuzunguka kile kipande kitupu, akipita kwa kunyata kama mtu aliye chumbani kwa mtoto mchanga. Nikambebea ndoo ya mwisho.
Mchungaji alikwenda kusimama katikati kabisa. Mimi na Delbert tukamwambia kwa pamoja atoke. Maren alikula kiapo huku akicheka, gladiola nyekundu zimemzunguka. Alipendeza mno. Delbert alinipa leso yake.

Jumapili, 6 Agosti
Maharusi wameondoka na saladi ya viazi iliyobaki. Watarudi kula Krismasi kwetu. Nimepiga hesabu: yaliyolala Julai lazima yatakuwa yamechoka kulala ifikapo Desemba. Ni suala la taa ya joto na chumba cha chini. Delbert anasema hayataamka kabla ya Aprili, lakini yeye ni mtu wa gladiola. Maren nimeshamwambia asinunue maua ya mezani.