Mbingu ya Kuwekea Dishi

Jumamosi, 13 Desemba 2003

Siku kumi na mbili kabla ya Krismasi. Nimeamua. Mwaka huu Mama atakula sikukuu kwangu.

Nyumba yangu ina miaka miwili, bati la bluu na sebule yenye madirisha mawili yanayotazama mlima. Mama hajakaa humo hata muda wa kumaliza kikombe cha chai. Anaishi kwa mdogo wangu Yakobo, hapo chini, hatua mia moja tu. Yakobo ndiye kitinda mimba, kwa hiyo kihamba cha baba, shamba la urithi, ni chake, na nyumba ya baba, na kaburi la baba, na Mama. Kaka Eliezeri, kifungua mimba, yuko Dar na ana gari. Mimi, Elisaria, ni wa katikati. Wa katikati hukatiwa kipande cha juu na kutakiwa heri.

Leo nilipita kwa Yakobo makusudi. Mama alikuwa uani anapepeta maharage. Nikamwamkia. Akaitikia, "Marahaba, Yakobo." Mwezi huu ni mara ya tatu. Mtu anazaa wana watatu, anakumbuka jina moja! Nilirudi nyumbani nimeumia kabisa.

Siri ya Yakobo naijua. Ana televisheni, na antena ameifunga juu ya mti. Picha yenyewe chengachenga tupu, lakini Mama hukaa mbele yake kila jioni. Basi nami nitaweka dishi na king'amuzi. Televisheni ninayo, kaka Eliezeri alituachia yake ya zamani Krismasi iliyopita.

Mke wangu, Kindness, aliuliza kwa nini nisishuke tu nikamwalike Mama. Nilicheka. Ni mke mwema, lakini hana kichwa cha mipango.

Jumatatu, 15 Desemba

Himo, dukani kwa Davis. Aliniwekea ving'amuzi viwili juu ya kabati la kioo.

Cha kwanza kidogo, cheusi, kina mdomo wa kuingizia kadi. Dishi lake kama sinia, linafungwa juu ya bati na kazi imekwisha. Kina chaneli za Kiswahili, na mpira. Ila kila mwezi unakilipia. Cha pili kipana, rangi ya fedha. Hakitaki kadi wala malipo ya mwezi. Chaneli sitini na nne za bure kutoka pande zote za dunia! Dishi lake la wavu, watu watatu hawalikumbatii.

Davis alikiwasha hicho cha pili. Bahari. Bluu tupu, mpaka ndani kabisa, na samaki wa njano wanapita taratibu kama waumini wanaotoka ibadani. Sijui nilisimama pale muda gani. Nje malori ya kwenda mpakani yalikuwa yanapiga honi, nami siyasikii. Nilimwona Mama kwenye kochi langu, miguu juu ya kigoda, mwanga wa bluu ukimcheza usoni. Nilimsikia akisema, hapa ndipo nitakapokaa.

Davis aliuliza nani ataangalia. Nikasema mama yangu. Akashauri kile cheusi, chenye Kiswahili. Nikamwambia picha haina lugha. Akauliza kama nyumbani kwangu kuna mbingu ya kutosha, maana dishi kubwa linataka uwazi. Nikamwambia Mungu ameweka mbingu kila mahali. Nimechukua cha fedha.

Jumatano, 17 Desemba

Fundi Yoramu alifika asubuhi na dishi juu ya pikapu. Watoto wote wa mtaa walilisindikiza. Nilijisikia kama bwana harusi.

Tatizo: nyumbani kwangu hakuna mbingu. Sikuwahi kujua. Yoramu alizunguka uwanja mzima ameinua shingo. Mbele migomba, nyuma migomba, kando ya banda la ng'ombe miti ya kivuli cha kahawa. Akikuta upenyo, jani linauziba. Mimi nami nilizunguka nyuma yake nimeinua shingo. Miaka arobaini na sita nimeishi chini ya haya majani, na leo ndiyo mara ya kwanza kutafuta kilicho juu yake. Kuna kijani cha aina nyingi sana. Nilijikwaa kwenye ndoo.

Mbingu ilipatikana mahali pamoja tu, kwenye mpaka wangu na Yakobo. Pale hakuna mgomba, ni masale peke yake, mimea yetu ya mpaka, mstari mzima alioupanda baba mwenyewe siku aliponikatia kipande changu. Yoramu alisita. Yeye pia ni wa huku, anajua kwamba sale la mpakani haliguswi. Akasema yeye hang'oi. Basi nikang'oa mwenyewe. Mashina kumi na tisa. Niliyatupa shimo la mbolea. Niliwaza, baba angeelewa. Baba alipenda maendeleo.

Tumemwaga zege. Nguzo imesimama.

Alhamisi, 18 Desemba

Picha imekuja! Saa nne asubuhi Yoramu alilisukuma dishi kidole kimoja upande wa mashariki, na sebule yangu ikajaa dunia.

Mwanamume mwenye kilemba anapika kitu chenye zabibu. Farasi wanakimbia jangwani. Mhubiri analia kwa lugha nisiyoijua, nami nikakaribia kulia naye. Halafu bahari yangu, na samaki wale wale. Nilikaa hadi ng'ombe akapiga kelele za njaa. Kindness anasema mlima ulitoka wazi mchana kutwa, mweupe mpaka chini. Mimi sikuuona, nilikuwa nimewapa madirisha mgongo.

Kiswahili hakuna hata chaneli moja kati ya sitini na nne. Si kitu.

Jioni Yakobo alikuja mpakani. Alisimama akaangalia pale palipokuwa na masale, akapima kwa nyayo, akaondoka. Wivu huo.

Ijumaa, 19 Desemba

Si wivu.

Lukresia, mke wa Yakobo, ameleta ujumbe wa Mama. Mama amesema hatakanyaga kwa mtu aliyeng'oa mkono wa baba yake ardhini. Wala leo wala Krismasi. Kaka Eliezeri anafika kesho, na Jumanne kuna kikao cha ukoo.

Nilikaa kitini. Nilitaka kumvuta Mama hatua mia moja, nimemsukuma mbali. Kindness aliendelea kumenya ndizi. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Nimepata wazo. Nirudishe king'amuzi cha fedha, nichukue kile cheusi chenye mpira. Kaka Eliezeri ana wazimu wa mpira. Akishaona mechi moja kwangu atakuwa upande wangu, na neno lake kikaoni ni zito. Tena dishi dogo linakaa juu ya bati.

Ndiyo. Linakaa juu ya bati. Davis alinieleza hayo siku ya kwanza kabisa.

Jumapili, 21 Desemba

Jana nilikwenda Himo, Davis akakataa kubadilisha. Alisema dishi lililokwisha kusimikwa kwenye zege halirudi dukani.

Leo, baada ya ibada, kaka Eliezeri alinivuta kando ya uzio wa kanisa. Hakugusia mpira hata kidogo. Alisema njia ni moja tu: niingie kikaoni na jani la sale mkononi. Mtu akikujia na sale, humkatalii msamaha, hata awe amekuchomea nyumba. Hilo ninalijua tangu utoto. Nilifurahi mno, nikakimbilia shimo la mbolea kuchukua langu.

Nguruwe wa Kindness alikuwa amelala juu yake. Nilichookoa ni uchafu usiofaa hata kuombea radhi kwa mbwa.

Masale mengine hapa karibu ni yale yaliyozunguka kaburi la baba. Kwa Yakobo! Yaani ili nimwombe Yakobo radhi, inabidi kwanza nimwombe jani. Hapana. Kesho alfajiri nitaingia kimyakimya, nichume moja, nitoke.

Jumatatu, 22 Desemba

Naandika haya kabla sijasahau hata neno.

Nilishuka kabla ya jua. Ukungu ulikuwa umelala kwenye migomba, mweupe, na kila jani linadondosha tone lake kwa zamu. Nilitembea kama niko ndani ya ile bahari ya kwenye televisheni. Nikafika kaburini, nikachuma jani. Nikainua macho. Juu ya kaburi la baba pako wazi kabisa, hakuna tawi wala jani, na nyota ya asubuhi ilikuwa katikati. Nilisahau kilichonileta.

Sauti ikasema, "Yakobo?"

Mama. Alikuwa amekaa kwenye kigoda upande wa pili wa kaburi, kaniki mabegani. Hatua tatu kutoka nilipo, na amenielekea mimi.

Nikasema, "Ni mimi, Mama. Elisaria. Shikamoo."

Alinyoosha mkono akanipapasa uso, kama mtu anayechagua parachichi. Kisha akaniambia taratibu kwamba macho yake yameingia ukungu tangu mavuno ya kahawa. Anaona mwanga, mtu hamwoni. Kila anayempita humwita Yakobo, kwa kuwa Yakobo ndiye hupita sana. Hakutaka kusema, asije akaharibu sikukuu za watu.

Nikamuuliza televisheni ya Yakobo anaiangaliaje basi. Akasema haangalii. Anakaa pale kwa kuwa ndipo watu wanapokaa.

Nikamwekea jani mkononi. Alilipitisha vidoleni, akalitambua, akacheka hadi kaniki ikamteleza. Alisema ni mimi tu, katika uzao wake wote, ningeweza kumwibia baba jani ili nimwombe baba radhi. Kisha akaacha kucheka.

"Miaka miwili nakusikia unapiga misumari hapo juu," alisema. "Kila siku najiuliza, huyu mtoto ataniita lini?"

Nililia. Naandika tu ukweli, nililia, na Mama akanipangusa kwa ncha ya kaniki.

Jumanne, 23 Desemba

Kikao. Niliingia na jani. Mama ndiye aliyelifunga fundo la msamaha kwa mkono wake, kwa hiyo Yakobo hakuwa na pa kutokea. Alilipokea.

Hukumu: nitapanda masale upya, mstari ule ule, Yakobo akishika kamba. Nitatoa mbuzi na pombe ya mbege. Dishi liondolewe mpakani Krismasi ikishapita, maana zege la siku sita halitoki kwa jembe. Na mwezi wa kwanza kaka Eliezeri atampeleka Mama kwa daktari wa macho. Hilo la mwisho lilinifurahisha kuliko yote.

Halafu Mama akasema mbuzi achinjwe kwa Elisaria, yeye atakula huko. Nilitoka nje nikajifanya natafuta kiatu.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi.

Mama alipanda hatua mia moja, mkono mmoja kwangu, mmoja kwa Yakobo. Amekaa kwenye kochi langu. Miguu juu ya kigoda!

Baada ya supu ya kisusio, nyama na ndizi, watu wakashiba wakalegea. Niliwasha bahari. Mama aliuliza ile sauti ya maji ni nini. Nikakaa chini kando yake, nikaanza kumsimulia. Nikamwambia samaki wa njano wanapita. Akauliza wanakwenda wapi. Sikujua, msemaji alikuwa anasema kwake huko. Nikamwambia wanakwenda kipaimara. Akataka kujua wa nani. Nikamtajia ukoo, ubatizo, na mjomba aliyekataa kuchangia. Yule bapa mwenye mdomo upande nikasema ni mzee wa kanisa. Watoto walisogea. Yakobo akasogea. Kaka Eliezeri alizima redio yake ya mpira bila kuambiwa.

Mama alifumba macho na kutabasamu muda wote. Nje ukungu ulishuka ukafunika migomba, na ikawa kama sebule nzima inaelea. Alilala chumba cha wageni. Aliniita mara mbili usiku, kwa jina langu, kuuliza kama samaki wamefika.

Sijawahi kuwa na furaha kama hii tangu nizaliwe.

Jumapili, 28 Desemba

Nimetafakari kwa utulivu yaliyotokea. Liko wazi: king'amuzi ndicho kilichomleta Mama. Kwa samaki watano alikaa siku tatu. Je, zingekuwa chaneli mia mbili? Davis anasema kuna dishi pana zaidi, la kuzungushwa kwa mota.

Nataka na Pasaka Mama ale kwangu. Kindness akasema si nishuke tu nikamwite, jana tu nimemsikia Mama mwenyewe akisema atakuja akiitwa. Nilicheka. Mke mwema.

Kilichobaki ni mbingu, maana mpakani natakiwa kuondoka. Lakini mbingu ninayo. Niliiona Jumatatu alfajiri kwa macho yangu, pana, safi, haina hata jani, juu kabisa ya kaburi la baba. Patatakiwa kung'olewa masale machache tu.

Kesho namfuata Yoramu. Yakobo atajulishwa zege likikauka.