Mkeka wa Ikram na Mchwa wa Kaskazi

Jumatatu, 3 Februari
Ikram, mjukuu wangu! Tangu Idi hujakanyaga Msambweni. Kwani Diani ni Ulaya? Basi siku utakayokuja usome daftari hili, uone haya. Herufi nilijifundisha kwa maandishi ya leso, usicheke.

Leo nimekunjua mkeka niliokusukia wa harusi. Mchwa! Wamekula upindo, shubiri nzima. Miaka miwili ya ukindu! Mume hujapata, najua, lakini mkeka hutangulia. Jirani yangu Twaiba akasema nimpelekee auhifadhi, kwake sakafu ni ya saruji. Aige nakshi zangu? Thubutu!

Jumanne, 4 Februari
Nimeuzungushia majivu. Jua la adhuhuri likanilaza. Nikaota mkeka unaelea nami juu yake, Msambweni nzima huko chini inanipungia leso. Raha! Nikaamshwa na vumbi. Kuku wa Twaiba anaoga ndani ya majivu yangu. Mchwa wanampita hivi, hawana habari.

Alhamisi, 6 Februari
Fikra kubwa: moshi! Nikatoa udi niliokuwekea, wote nikautia chetezoni, mkeka nikautandaza juu yake kama hema. Moshi ukatambaa, ukatoka dirishani, ukavuka ua polepole. Nikasinzia. Nikawaona marehemu dada zangu wamekaa ukutani, weupe, wananitabasamia.

Kumbe nimesahau: udi mwingi hivyo hapa ni wa harusi tu. Vigelegele mlangoni! Twaiba na wenzake saba, sinia la mahamri, wananilaumu kwa nini nimewaficha. Niseme ni mchwa? Mimi? Nikasema naam, Ikram anaolewa kabla ya Ramadhani. Wakautandika mkeka sakafuni, wakajimwaga juu yake wakanywa chai, sukari ikapukutika kila mahali. Twaiba akauliza bwana harusi ni mtoto wa nani. Nikasema ni mtu wa mbali.

Jumapili, 9 Februari
Allahu Akbar! Sukari imeita sisimizi, na sisimizi wamewabeba mchwa wote, mmoja mmoja, safu ndefu mpaka uani. Kumbe dawa ni sukari! Nimemwaga kilo nzima: mkekani, kabatini, kitandani pia, wasijaribu kurudi. Mchana nimelala, sisimizi wananitembelea mwilini kama rasharasha. Wanawasha kidogo. Twaiba amesema nimepagawa. Wivu huo!

Ukija usipite barabarani, watakuona uko peke yako. Pitia nyuma, kwenye migomba. Ulete sukari kilo mbili. Na bwana harusi. Yeyote yule, mradi awe wa mbali.