Viti Vinavyotazama Mlango kwa Nadine

Delmar Hostetter
Tillery, Oklahoma
Jumatatu, wiki ya pili ya Aprili

Ndugu Mhariri,

Mimi ni msomaji wako wa miaka thelathini na moja, na katika muda wote huo nimekuandikia mara moja tu, kuhusu mbwa wa jirani. Ukiona nimeshika kalamu tena, ujue mambo yamenifika shingoni. Naomba nafasi katika gazeti lako la Jumatano nimlalamikie hadharani Bi Nadine Tackett, mwenye mkahawa ulio kando ya ghala la ngano, ambaye kwa sababu anazozijua mwenyewe ameamua kuuacha mji mzima bila ulinzi.

Nitayapanga malalamiko yangu kwa namba ili hata yeye ayaelewe.

1. Kuhusu haki ya kiti. Tangu tustaafu, wanaume watano tumekuwa tukinywa kahawa kwa Nadine kila asubuhi isipokuwa Jumapili. Ni mimi, Arvel Kincannon ambaye ni rafiki yangu tangu darasa la tatu, na wengine watatu walioniomba nisiwataje kwa kuwa wake zao wanasoma gazeti hili. Sote watano tuna bastola ndogo chini ya shati, kwa mujibu wa sheria. Sasa mtu mwenye bastola hajikalii tu popote. Anakaa mgongo ukutani, macho mlangoni, na hilo halihitaji shule. Watu watano, ukuta mmoja: ikabidi tuketi wote upande mmoja wa meza ndefu, bega kwa bega, kama wanakwaya. Viti vya upande wa pili vilibaki vitupu. Kwa miaka miwili tulipiga soga vizuri kabisa, kila mtu akiuambia mlango, na hakuna aliyelalamika.

2. Kuhusu mateso yangu binafsi. Bi Nadine anasema eti tunacheza mchezo wa watoto. Haya, asikie. Bastola yangu ya kwanza ilikuwa kubwa, nzuri, ya risasi kumi na tano. Niliivaa kwenda kanisani, na suruali ikanianguka wakati wa wimbo wa pili. Nikanunua nyingine ndogo kuliko hiyo. Hiyo ilitokeza kwenye shati kiasi kwamba mchungaji alidhani nina uvimbe, akaniombea mbele ya waumini, nami nikasema amina, ningefanyaje? Ya tatu, hii niliyo nayo, ni ndogo hata kidole changu cha mwisho hakina pa kushika, kinabaki hewani kama cha bibi harusi anayeonja chai. Usidanganyike na umbo lake. Inapiga teke kuliko ile kubwa, na nikitoka uwanja wa shabaha Jumatatu, kiganja kinaniwaka mpaka Alhamisi. Muuzaji aliniambia nitaivaa mpaka nisahau kama ninayo. Mimi sijaisahau hata dakika moja. Nina ala kumi na moja za kuitia bastola kwenye droo, kila moja niliinunua nikisema ndiyo ya mwisho, na mke wangu Glenda amehamishia vitambaa vyake bafuni. Nanunua suruali namba mbili zaidi. Ninaivalia mbele, chini kidogo ya kitovu, kwa hiyo Glenda ananikumbatia kwa ubavu, kama mtu anayepita kwenye kichochoro. Huo ndio mchezo wa watoto.

3. Kuhusu rekodi yetu ya kazi. Katika miaka miwili hiyo wameingia kwa Nadine wageni watatu. Wote walikuwa wamepotea wakaomba kuonyeshwa barabara kuu. Tuliwaonyesha, na hakuna aliyeleta fujo. Siku nyingine aliingia jamaa wa gesi na bomba refu jeusi begani, na mikono mitano ikazama chini ya mashati kwa mpigo mmoja. Nakiri haikuwa siku yetu nzuri. Mmoja alinasa kwenye kifungo. Arvel alivuta mkanda wa begani unaoshikilia suruali yake, ukarudi ukamchapa kidevuni. Mimi nilichomoa pakiti ya vidonge vya kiungulia. Jamaa wa gesi hakuona kitu, akaagiza pai. Lakini nia ilikuwepo, na nia ndiyo inayohesabika.

4. Kuhusu Jumanne ile ya Februari, ambayo Bi Nadine anaitumia kutuchafulia jina. Ukweli wenyewe ni huu. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, nami nilikuwa nautazama mlango kama inavyonipasa. Arvel alikuwa kushoto kwangu, mwisho wa meza. Akasema jambo kuhusu mayai ambalo sikulielewa, nikamwambia ameze kwanza ndipo aseme. Kumbe hakuwa na kitu mdomoni, mayai yalikuwa hayajaja. Kisha kahawa yake ikamwagika, ikatiririka mezani mpaka kwenye suruali yangu, nami bila kutoa macho mlangoni nikamwambia aache upuuzi. Akaniegemea. Nikadhani ananichokoza, maana ndiyo tabia yake. Nikamsukuma kidogo kwa bega.

Nadine akatokea jikoni na sahani zetu, akamtazama Arvel usoni, akaziangusha zote. Kilikuwa kiharusi.

Nakuuliza, Mhariri, ningejuaje? Upande wa uso ulioanguka ulikuwa wa kushoto. Mimi pale ninapokaa naliona sikio lake la kulia. Sikio hilo nimelitazama kwa pembe ya jicho miaka miwili, na niko tayari kula kiapo kwamba asubuhi ile halikuwa na tofauti yoyote.

Tena, ili haki itendeke, naomba iandikwe kwamba gari la wagonjwa lilipofika, sisi ndio tuliowaona wahudumu kabla ya mtu mwingine yeyote. Waliingia mbio, wawili, sura ngeni, mabegi mekundu mikononi. Nikainuka nikawazuia mlangoni, nikawaamuru wasimame wajitambulishe. Wakajitambulisha. Nikataka na vitambulisho, kwa sababu siku hizi yeyote anaweza kushona sare. Kwingine mtu angepewa cheti. Bi Nadine alinikamata shati mbele ya mkahawa mzima akaniambia:

"Delmar, mmekaa hapa mnalinda mlango, na mwenzako anakufia begani. Hebu toka njiani."

Nilitoka njiani. Daktari aliiambia familia ya Arvel kwamba kwa ugonjwa ule kila dakika ina thamani yake. Sikuuliza mimi nilizipoteza ngapi. Tangu siku hiyo silali vizuri, lakini hiyo ni kwa sababu ya kiungulia.

5. Kuhusu adhabu tuliyopewa. Jumapili iliyofuata Bi Nadine alifunga mkahawa, akaikata meza yetu ndefu kwa msumeno, akaleta meza za mviringo akazipanga katikati ya chumba. Sasa huwezi kula yai bila mtu kukutazama usoni, na nusu ya wateja wameupa mlango mgongo kama kuku bandani. Wenzangu watatu, aibu iliyoje, wamezoea kwa siku mbili tu na wanasema kahawa imekuwa tamu zaidi. Mimi nimekataa. Nimekuja mara nne nikakaa ndani ya pikapu yangu nje, nikiwatazama kupitia dirishani. Mara ya nne Bi Nadine aliniletea kikombe, akaniambia kwamba kama shida yangu ni mlango, upo wa jikoni unaotazamana na mapipa ya taka, nichukue kiti nikaulinde huo. Mwanamke huyu ana ulimi.

6. Kwa hiyo nadai yafuatayo, nami sidhani kama nimezidisha. Kwanza, meza ndefu irudishwe, hata kwa misumari. Pili, kwa kuwa watu wenye busara wataendelea kuongezeka na ukuta hauongezeki, mkahawa ubomolewe ujengwe mwembamba na mrefu kama korido, viti vyote upande mmoja. Tatu, kila mteja apige honi mara mbili, ataje jina lake na la ukoo wa mama yake, kisha aingie kinyumenyume mikono ikionekana. Nne, na hili nimelifikiria sana, ikiwa hayo yote yatashindikana, mlango uzibwe kwa matofali. Hatari zote duniani huingia kwa mlango. Mkahawa usio na mlango hauwezi kuvamiwa na mtu, na mayai yatapitishwa dirishani. Glenda aliniuliza sisi wenyewe tutaingiaje. Nilimjibu kwamba hayo ni mambo ya mafundi.

Nimemaliza. Nifikishie salamu kwa mkeo, kwa yule binti mwenye subira anayepokea simu zenu, kwa mchungaji wetu ambaye bado ananiombea uvimbe, na kwa wote wanaokaa mgongo ukutani popote walipo. Msalimie hata Bi Nadine, ambaye mchuzi wake ni mtamu kuliko wowote katika kaunti hii, hapo siwezi kumsingizia.

Ni mimi, nisiyepepesa macho,
Delmar Hostetter

Nyongeza, Ijumaa.

Barua hii nilichelewa kuipeleka posta, na jana Arvel alirudi. Mkewe alimshusha pale nje, akaingia na mkongojo, taratibu sana. Nikashuka kwenye pikapu nikamfuata. Nadine akamkalisha meza ya katikati. Kiti kilichobaki kilikuwa kimoja, mbele yake, kimeupa mlango mgongo. Nilisimama hapo kama mjinga, kisha nikakaa.

Mdomo wake umeteremka upande mmoja. Yai lilimshuka kidevuni na hakulihisi. Nilitaka kumpangusa, lakini nikijaribu kuinama mbele bastola inanichoma tumbo na mkono haufiki. Nikatoka nikaifungia kwenye sanduku la chuma ndani ya gari, nikarudi, nikampangusa. Leo asubuhi nimeiacha nyumbani kabisa, na Glenda amenikumbatia mlangoni, sawasawa, mpaka nikachelewa.

Arvel ana macho ya kijivu. Ni rafiki yangu kwa zaidi ya miaka sitini na nilikuwa nimeshasahau. Alinitazama muda mrefu, akahangaika na maneno, nami nikangoja, maana sikuwa na pengine pa kutazama. Mwishowe akasema, "Delmar. Umezeeka, ndugu yangu."

Nikamwambia yeye ndiye wa kunisema mimi, tukacheka mpaka Nadine akaja kuona kuna nini. Alipoondoka nilimwomba Arvel msamaha kwa kumsukuma siku ile. Akasema hakumbuki. Mimi nakumbuka.

Tafadhali usiichapishe barua hii. Naituma tu kwa sababu stempu nilishaibandika. Mlango wa Nadine ulifunguka nyuma yangu mara nyingi asubuhi ile, na mpaka sasa sijui walioingia ni akina nani.

D. H.