Jogoo Kwenye Foleni ya Watoto

Nimeaibika leo, jamani, na hasira bado ninazo, kwa hiyo someni taratibu.

Uvumilivu wangu umeishia mlangoni mwa kanisa, hapa Katesh. Jumapili ya mavuno. Watu wanaleta mahindi, maharage, vitunguu kutoka Gitting, na kuku. Kuku wamefungwa miguu, vichwa chini, wananing'inia kwenye usukani wa baiskeli. Anayepokea sadaka ni baba mkwe wangu, mzee wa kanisa. Akachukua jogoo mwekundu, akamtundika kwenye msumari kama koti! Jogoo kaachama mdomo, hata kulia hawezi.

(Kwa msionijua: mwaka wa pili huu sili nyama, maziwa wala mayai. Nilisoma Mwanzo sura ya kwanza, nikaona chakula tulichopewa pale ni mbegu na matunda. Mama mkwe anasema nimelogwa. Kila wiki ananiletea maziwa ya mgando kama dawa.)

"Shikamoo baba. Huyu jogoo anakufa."

"Marahaba. Kwani tumemleta aoe? Pita ndani, mama Neema."

Nikamtungua! Nikamfungua kamba, nikamviringisha kwenye kitenge, kichwa juu. Akatulia. Mgongoni Neema, kifuani jogoo. Nikaingia, nikapanga foleni ya sadaka.

Kumbe si ya sadaka. Ni ya akina mama wenye watoto wa kubarikiwa. Nimegundua nikiwa wa pili kutoka mbele. Nyuma wamebanana, pembeni kwaya. Mchungaji wa leo alikuwa mgeni, mtu mzima, miwani mizito, kipaza sauti mkononi.

"Oo, mapacha! Bwana asifiwe!"

"Mchungaji, huyu si..."

"Usiogope, mama. Anaitwa nani?"

Akamwekea mkono. Jogoo akachomoa kichwa, akawika. Ndani ya kipaza sauti!

Kanisa zima likaangua kicheko. Kwenye kwaya, waimbaji wa sauti ya nne wote wakakaa chini. Baba mkwe akaja mbio, akamkamata jogoo miguu, akamgeuza kichwa chini tena. Hapo nikasahau nilipo.

"Ukimning'iniza tena, na mimi nitakuning'iniza wewe!"

Kati ya mdomo wangu na kile kipaza sauti hapakuwa hata na kiganja. Wamesikia mpaka stendi. Nimemwambia hivyo baba mkwe! (Mimi, ambaye nikimwona njiani nashusha mzigo kwanza ndipo nimwamkie.) Kicheko kikakatika kama umeme. Akabaki Neema peke yake, anacheka mgongoni.

Nikampokonya jogoo, nikaondoka. Nyumbani nikachukua kalamu, maana kwetu malalamiko yanapokelewa kwa maandishi tu, nikaipeleka barua mwenyewe kwa katibu wa wazee wa kanisa. (Katibu ni nani? Baba mkwe!) Ameipokea kwa mikono miwili, hakuniangalia. Imesema hivi:

"Kwa Katibu, Baraza la Wazee.

Shikamoo baba.

YAH: KUKU KUNING'INIZWA KATIKA NYUMBA YA BWANA

Nalalamika rasmi. Kiumbe wa Mungu hatundikwi msumarini. Naomba kuku wa sadaka waletwe kwenye tenga, wakae kivulini, wapewe maji. Kwa kukutishia mbele za watu naomba radhi kwa magoti. Kwa jogoo siombi. Yuko chini ya kitanda changu, na hatoki mpaka nijibiwe kwa maandishi.

Wako katika Kristo,
Mkweo.

Nakala: Mchungaji.
Nakala: Mama mkwe."