Mashua Isiyokuwepo Ukurasa wa Nne

Alhamisi ya mwisho ya Novemba 2018 ilipangwa kuwa siku ya historia. Saa sita kamili mchana, katika ofisi yetu iliyo juu ya duka la mapazia, Stratford Road, ungetiwa saini Mpango Mkuu wa Maendeleo na Uwekezaji Mpakani, na eneo zima la mpaka wa Brazili na Bolivia, ambalo dunia ilikuwa imelisahau, lingekombolewa kutoka mtaani kwetu Sparkbrook, kwa Waingereza. Nilikuwa nimeshanunua keki. Saa tatu na dakika nne kengele ya mlango ikalia, na mwanamke ambaye hakuwamo kwenye ratiba akapanda ngazi.

Alikuwa rika la mama yangu. Alivaa koti la kuazima lililomzidi mabegani, na ndala juu ya soksi za sufu. Mkononi alishika karatasi zilizokunjwa mpaka zikalegea kama kitambaa. Akanifungulia ukurasa wa tisini na nne, akaweka kidole juu ya anwani yetu, kisha akakielekeza sakafuni.

Nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo, hapa. Kwa taratibu zetu, mtu yeyote mwenye karatasi yenye anwani sahihi ni mdau, nami ndimi Ofisa Msaidizi wa Ushirikishwaji wa Wadau, wa muda. Jina langu Aida. Nina shahada ya maendeleo ya jamii, na katika miezi saba ya kazi nilikuwa nimewashirikisha wadau mia nne na kumi, wote kwa barua pepe. Hakuna aliyepinga, kwa kuwa hakuna aliyejibu. Mkurugenzi wetu alinifundisha kwamba kutojibu ndiyo ridhaa iliyokomaa, na mimi niliandika hivyo kwenye daftari langu na kupigia mstari. Siku hiyo hiyo, baada ya saini ya Mpango, nami ningetiliwa saini mkataba wa kudumu. Mama alikuwa ameshawapigia simu ndugu wote wa Unguja kuwaambia nimekuwa mtu wa ofisi za kimataifa.

Mgeni aliitwa Madalena. Mfumo wa beji ulilikataa jina hilo ukapendekeza Magdalene, basi kwenye beji akawa Magdalene.

Tatizo lilikuwa lugha. Ofisi ilikuwa na bajeti ya mkalimani, lakini ilitumika yote kwenye semina kuhusu umuhimu wa wakalimani. Nilikuwa natafuta programu kwenye simu niliposikia sauti kutoka ngazini. Mjomba Makungu, anayefanya usafi jengo zima, alikuwa ameacha kupiga deki na kumsalimia yule mama kwa Kireno. Yule mama akashika ukuta kwanza ndipo akajibu.

"Mjomba, kumbe unajua Kireno?"

"Mwanangu, mimi mtu wa Mtwara. Nimefanya kazi Msumbiji miaka kumi na miwili, navuka Ruvuma kwenda na kurudi. Ningejifunza nini, Kijapani?"

"Mbona hukusema?"

"Mliniuliza? Mimi nimeulizwa habari ya sabuni tu."

Akaegemeza fagio lake la deki, akakaa, na shughuli ya ushirikishwaji ikaanza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuifanya na mtu aliye mbele yangu, na nakiri ina mambo mengi kuliko barua pepe.

Mama Madalena alivusha watu mtoni kwa mashua ya injini, mwaka wa ishirini na sita sasa. Kivukoni kwao kulikuwa na mashua thelathini na mbili, na wanawake wanaouza samaki wa kukaanga na mihogo. Mpango wetu, uliobandikwa kwenye ubao wa mji kama sheria inavyotaka, ulisema kivuko kitasafishwa ili yajengwe maegesho ya magari mia sita.

"Mjini kwao kuna magari tisa," alitafsiri Mjomba. "Moja halina injini."

"Maegesho yanatangulia magari," nilieleza kwa upole. "Yanayavutia."

Mjomba hakuitafsiri hiyo.

Kilichomtoa kwao ni ukurasa wa nne. Pale tuliandika kwamba eneo ni wazi, halina wakazi, shughuli wala usafiri wowote. Mwalimu wa shule aliusoma mbele ya watu, naye Madalena akamwambia ausome tena, labda ameruka mstari. Alipofika ukurasa wa tisini na nne akasoma kwamba mdau yeyote anaweza kufika mwenyewe ofisini, Alhamisi, saa tatu hadi saa tano asubuhi, na kusikilizwa kabla ya saini. Wakaona ni haki. Wakachanga nauli.

"Muulize kwa nini walimchagua yeye."

Mjomba akauliza, akacheka kidogo. "Anasema hawakumchagua. Ilikuwa zamu yake. Kivukoni kwao kila kitu ni zamu. Hata gavana alipokuja alisubiri abiria watatu na mbuzi wavuke kwanza."

Hapa ni wajibu wangu kuueleza umma chanzo cha ukurasa wa tisini na nne. Mpango wetu ulijengwa juu ya uzoefu, na uzoefu wenyewe ni mpango wa maegesho ya magari tuliouandikia mteja mmoja kule Longbridge miaka mitatu nyuma. Mkurugenzi aliyabadilisha majina ya mahali kwa mkono wake, kazi iliyomchukua mchana mzima. Palipokuwa na barabara akaweka mto. Ndiyo maana mto una vituo vitano vya basi na, wakati wa Krismasi, taa za mapambo. Ukurasa wa tisini na nne uliwahusu majirani wa Longbridge. Uliongeza kwamba maoni yasipokwisha kabla ya saa tano, kikao kitaendelea kwenye eneo la mradi, wakurugenzi wote wakiwepo. Kwa Longbridge hiyo ilimaanisha kuvuka barabara.

Kabla hatujaingia kwenye chumba cha mkutano, Mama Madalena alinishika mkono.

"Anajua wewe ndiye unayeandika," alisema Mjomba. "Anataka uandike anavyosema, na usiache jina la mashua yake. Inaitwa Paciência. Ni Subira. Mumewe aliiunda, akaipaka jina, akafa kabla rangi haijakauka. Anasema kwenye karatasi zenu zote hawamo, basi angalau hiyo iwemo."

"Mwambie naahidi," nikasema. Ilionekana ahadi nyepesi. Neno moja tu.

Mkurugenzi Najib alifika saa nne kasoro robo, suti mpya, simu mbili. Yeye ni Msomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi, na akikasirika Nairobi yote hurudi.

"Aida, huyu mama ni nani?"

"Mdau, bosi."

"Mdau wa wapi?"

"Wa mpakani."

"Mpaka gani?"

"Mpaka wetu."

Akamtazama Madalena kuanzia ndala hadi beji. "Wacha mchezo. Kwani huko kunatoka watu kweli?"

"Ameshuka na ndege, bosi."

"Si umwambie akuje wiki ijayo! Leo Darshan ako hapa!"

Lakini Bwana Darshan, mwakilishi wa wawekezaji, alikuwa amewahi, na alikuwa mlangoni na kipande cha keki. Ni mzee wa mtaa wa Aston mwenye Kiswahili cha utotoni, mtaratibu, aliyejenga maghala maisha yake yote na kusoma kila karatasi mara mbili. Alipoambiwa mgeni ametoka kwenye eneo la mradi alifurahi sana.

"Mnufaika halisi!" akasema. "Najib, hukuniambia umemleta mnufaika!"

"Ilikuwa surprise," akasema Mkurugenzi.

Tukakaa. Mimi kwenye kompyuta, Mjomba Makungu pembeni ya mama, bado na glavu zake za mpira. Mama Madalena alianza kusema bila haraka. Alitaja mashua moja baada ya nyingine, kila moja na jina la mmiliki wake. Alieleza mahali maji yanapogeuka mekundu mwezi wa pili, na wajawazito wangapi amewavusha usiku kwenda kliniki ya ng'ambo, na kwamba wawili walijifungua katikati ya mto na hadi leo maofisa wa nchi zote mbili wanabishana watoto ni wa wapi. Bwana Darshan aliacha kutafuna.

"Mashua?" akasema. "Ukurasa wa nne unasema hakuna usafiri wowote."

"Huo si usafiri rasmi," akasema Mkurugenzi. "Kitaalamu, haupo."

Mjomba alitafsiri. Mama Madalena akafikiri, kisha akauliza swali kwa adabu kabisa.

"Anauliza," alisema Mjomba, "kwenye dibaji Bwana Mkurugenzi ameandika kila neno lilitungwa papo hapo mpakani, baada ya kuishi na wananchi siku arobaini. Daraja hakuna. Anataka kujua bwana alivuka na nani, maana uso wake haukumbuki."

"Nilivuka na... wengine."

"Anasema wengine wako thelathini na mmoja. Atawauliza."

Saa ya ukutani ilipogonga saa tano, Mama Madalena alinyamaza katikati ya sentensi, akakunja karatasi zake na kusimama. Hakuna aliyemwambia. Zamu yake ilikuwa imekwisha.

"Anasema yaliyobaki mtayasikia kwao," alisema Mjomba. "Ndivyo karatasi inavyotaka."

Bwana Darshan alivaa miwani na kusoma ukurasa wa tisini na nne polepole, kisha tena. "Wakurugenzi wote wakiwepo," akasema. "Najib, haya maneno uliyatunga wewe?"

Nilimwona Mkurugenzi akipima. Angesema hapana, angekuwa ameuza maegesho ya Longbridge kwa bei ya mto. Angesema ndiyo, angekuwa na safari.

"Kila neno," akasema.

"Basi wacha tusomewe kumbukumbu za kikao, nizitie saini, tujue tulipo."

Mkurugenzi akaomba dakika tano, akanivuta hadi jikoni. Juu ya birika aliweka mkataba wangu wa kudumu, kurasa tatu, nafasi ya saini imewekwa alama ya njano.

"Sikiza, Aida. Wewe ni msichana mzuri, uko na roho safi. Andika tu: mdau alitoa pongezi, akaondoka. Kama hakuna mashua, hakuna maoni. Kama hakuna maoni, hakuna kikao cha kuhamia popote. Saa sita tunasaini, na wewe unasaini."

"Lakini alisema, bosi. Na watu wamemsikia."

"Kisichoandikwa hakikusemwa. Sijakuambia udanganye. Ruka mstari tu."

Hii ilikuwa kanuni ya ofisi, nami nilikuwa nimewafundisha wengine kanuni hiyo. Nilimfikiria Mama akiwapigia simu upya ndugu wa Unguja, mmoja mmoja. Nikaitazama ile alama ya njano kwa muda, nikarudi mezani.

Nilisoma kumbukumbu kwa sauti, na Mjomba akazifuata kwa Kireno. Nilizisoma kama zilivyosemwa: mashua thelathini na mbili, maji mekundu, watoto wawili wa katikati ya mto. Nilipofika aya ya saba nikasikia karatasi zikikunjwa. Mkurugenzi alikuwa anaurudisha mkataba wangu kwenye mfuko wa koti.

"Aya ya saba," nikasoma. "Mdau ni mmiliki wa mashua iitwayo Subira, ambayo ipo."

Mama Madalena hakusubiri tafsiri iishe. Alilisikia jina mdomoni mwa Mjomba, akavua beji ya Magdalene na kuiweka mezani taratibu.

Bwana Darshan alitia saini kumbukumbu badala ya Mpango. Kisha akauliza, kama mtu wa maghala anayetaka kujua mzigo unafikaje, safari ya kwenda huko ikoje. Mama Madalena alieleza: ndege tatu, basi la siku moja, na kipande cha mwisho ni maji tu.

Mkurugenzi alilegeza tai. "Huko mwisho kutakuwa na speedboat yetu, sivyo?"

Mjomba Makungu aliuliza, akasikiliza, akatikisa kichwa. Kabla sijafungasha vitu vyangu, niliongeza aya ya mwisho, nikaichapa nakala mbili, moja ya ofisi na moja ya Mama Madalena:

"Aya ya tisa. Usafiri wa wakurugenzi hadi eneo la mradi: mashua Subira. Kwa zamu, baada ya mbuzi."