Mashine ya Kuona Maji

Jumanne, 5 Novemba 1996

Jua. Tena jua. Mawingu yanapita juu ya Chilangala kama wageni waliokosea nyumba.

Mke wangu Veridiana aliondoka alfajiri kuteka maji bondeni, karudi jua limesimama utosini. Katua ndoo, kashika kiuno, kakaa kizingitini. Daktari wa Newala alishamwambia mgongo umechoka, aache kubeba maji kichwani. Rahisi kusema! Daktari ana bomba. Binti yetu Upendo angemsaidia, lakini yuko shule ya bweni Masasi. Mimi je? Mwanamume mzima na ndoo kichwani, kijiji kingesemaje?

Mama Upendo ana mpango wake. Kauza korosho za mikorosho aliyoachiwa na bibi yake, kanunua mabati manane. Fundi akija, upande mmoja wa nyumba utaezekwa, liwekwe gata, na mvua ya kwanza ishuke moja kwa moja kwenye pipa. Safari za bondeni ziishe. Sawa. Mpango mdogo. Ni huohuo wa jirani yetu Fakihi, ambaye ana bati na kisima cha saruji na kufuli juu ya kisima. Leo alikuwa anafagia mfuniko wa kisima chake huku akipiga mluzi. Hakuna mtu anayefagia mfuniko. Alitaka nimwone.

Mimi nina mpango mkubwa. Nilipokuwa mpaka rangi wa mnara wa simu kule Masasi, kabla watu hawajaanza kupunguzwa kazini, masikio yangu yalikuwa wazi. Mvua ikinyesha, mainjinia walikuwa wakilalamika kwamba maji yanakula mawimbi ya maikrowevu, simu zinafifia. Basi! Kama maji yanakula mawimbi, yatupe ardhini, uangalie yanapoliwa. Hapo pana maji. Wenye digrii wote nchi hii, hakuna aliyelifikiria. Nimeona uchungu kwa ajili ya taifa.

Kifaa cha kutupia mawimbi ninacho. Kilitupwa jalalani mnarani, nikakiokota siku ya mwisho ya kazi. Wenzangu walipata fedha, mimi nikapata kifaa. Ndicho kiinua mgongo changu. Limebaki dishi tu.

Alhamisi, 7 Novemba

Dishi linataka bati.

Veridiana kaenda Newala kumwona tena daktari wa mgongo. Nimeazima mabati mawili. Nasema kuazima kwa sababu yatarudi, na maji juu yake.

Dishi la maikrowevu si sufuria. Lina mkunjo wake, na mkunjo ukikosea hata kidogo, mawimbi yanapotea. Niliuchora chini kwa kamba na kijiti. Nikakata. Kumbe kamba ilikuwa imelowa, imevutika. Mabati mawili yameharibika. Nikaazima mengine mawili. Kamba safari hii ilikuwa kavu, lakini niliikanyaga. Nikaazima yaliyobaki.

Jioni limekamilika. Pana kuliko kitanda! Nimepigilia ripiti na kuziba maungio yote kwa lami, mawimbi yasivuje. Vipande vilivyoharibika nimevipanga pale mabati yalipokuwa na kuvifunika mkeka. Ukitazama haraka, huwezi kujua.

Jumamosi, 9 Novemba

Veridiana hakutazama haraka.

Aliinua mkeka, akaurudisha, akaenda kukaa jikoni. Nilimfuata nikamweleza habari ya mawimbi, mkunjo na mainjinia. Nilieleza vizuri sana. Aliendelea kumenya mizizi ya ming'oko. Mwisho aliuliza kama fundi aambiwe asije. Nikasema ndiyo, aambiwe. Akasema haya. Nimeoa miaka mingi, naijua hiyo haya. Ni afadhali angenipiga kwa mwiko.

Mchana nilisimamisha dishi uani, uso chini, kwenye miguu mitatu ya mti. Watu walijaa. Nikatoa maelezo. Nilipotaja maikrowevu, Mahmudu akaangua kicheko. Huyu Mahmudu aliwahi kufanya kazi za ndani Dar es Salaam, basi hakuna asichokijua. Akawaambia watu maikrowevu ni jiko! Matajiri wanatia wali uliolala, linalia, wali unatoka wa moto. Kaliona kwa macho yake na kulipangusa kila siku.

Nikasema mawimbi ni yaleyale, kazi ni tofauti. Kosa langu. Hakuna aliyesikia baada ya yaleyale. Mwanamke mmoja akauliza kama naweza kumpashia mchuzi. Kufika magharibi nina jina jipya: Mpasha Ardhi.

Jumatatu, 11 Novemba

Majaribio. Betri ya tochi, kifaa, mita yenye mshale. Asubuhi mshale ulilala. Mara ukaruka! Nikapiga kelele. Alikuwa mbuzi wa Fakihi anapita chini ya dishi. Sikuvunjika moyo. Mbuzi ni maji matupu ukiacha pembe.

Nikahamisha dishi hatua kwa hatua mpaka mpakani mwa uwanja. Hapo mshale ulisimama wima ukatetemeka. Maji mengi! Karibu! Nikachukua jembe na sururu, nikachimba mpaka shingoni. Udongo ulianza kuwa na unyevu. Machozi yalinitoka, siogopi kusema. Nikapiga sururu kwa nguvu ya mwisho, ikagonga saruji.

Kisima cha Fakihi. Alikijenga kikapita chini ya mpaka, mwizi yule. Ufa umetokea na maji yake ya mwaka jana yamemwagikia miguuni mwangu, ardhi ikayanywa yote.

Balozi wa nyumba kumi kaitwa. Fakihi alisema mchimba kisima huingia mwenyewe, akacheka kwa methali yake. Nimeamriwa kufukia shimo na kuziba ufa. Hakuna hata mmoja aliyetambua jambo la msingi: mashine imeona maji. Ilisema kuna maji, na maji yalikuwepo. Sayansi haiulizi ni ya nani.

Alhamisi, 14 Novemba

Sasa wanasema nimezuia mvua. Mpasha Ardhi anapasha ardhi, mvuke unapanda, unafukuza mawingu. Mahmudu ndiye aliyeanza. Anasema wali ukiwekwa mle muda mrefu hukauka kabisa.

Nikiwa nacheka peke yangu, Sultani akaja. Huyu ni mnunuzi wa korosho. Tangu soko huria lije, kila mwenye mizani ni mnunuzi, lakini Sultani ana mizani na lori pia. Lori limekufa Kitangari, na magunia yake yamelundikwa kiwanjani wazi. Mvua ikishuka, korosho zitaoza. Akaniamkia shikamoo, yeye aliyenizidi umri! Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama ningeweza kuendelea kuizuia kidogo tu, mpaka spea ije.

Nilitaka kumfukuza. Mimi mtu wa sayansi. Ila nyuma yake kijana wake alikuwa ameshika betri ya lori, na betri yangu ya tochi imekufa.

Sikusema naweza. Nilisema nitaangalia.

Jumapili, 17 Novemba

Siku mbaya.

Kanisani nilikaa benchi zima peke yangu. Watu wamefukia mbegu za mahindi ardhini na panya wanazila. Wananitazama mimi.

Hilo nalivumilia. Lakini leo baada ya ibada Veridiana alikwenda bondeni, wanawake wakamweka mwisho wa foleni. Kila aliyekuja nyuma yake alipitishwa mbele. Wakamwambia mwenye mvua yake nyumbani hana haja ya chemchemi. Ilipofika zamu yake chemchemi imebaki tope. Kapanda mlima ule na nusu ndoo ya maji mekundu, mgongo umepinda, mkono mmoja umeshika kiuno.

Aliitua mbele yangu. Akauliza: "Baba Upendo, ni kweli umepokea betri?"

Ningesema ni uongo mtupu, kwamba hakuna binadamu anayezuia mvua. Lakini Sultani alikuwa dukani ng'ambo ya barabara, na maneno ya uani kwetu yanafika dukani. Betri ingeondoka. Nikasema ni mambo ya kitaalamu.

Kisha akachuja yale maji kwa kipande cha kanga, akanimiminia kikombe, yeye hakunywa. Nilikunywa. Yalikuwa na ladha ya udongo na sikuweza kumaliza. Niliona aibu kubwa. Niliiona mpaka saa ya chakula.

Jumatano, 20 Novemba

Nimeitwa mbele ya baraza la kijiji, lililokutana hapahapa penye dishi. Niliwapa mhadhara. Nilieleza kwamba wimbi halina moto, nikaweka mkono wangu chini ya dishi lililounganishwa na betri ili waone hauungui. Wakasema mkono wangu umezoea.

Fakihi akasimama. Nilitarajia anizike. Akasema yeye haamini habari ya mvua, anachotaka ni kisima chake kizibwe. Ufa niliuziba kwa majivu, unavuja. Sipendi kutetewa na mtu wa namna hiyo.

Hukumu: dishi ling'olewe miguu na kulazwa chali, tumbo juu, lisiipashe ardhi tena. Vijana wanne walilibeba wakalibwaga uani. Mkunjo wangu! Ashukuriwe Mungu haukupata kasoro. Sultani kaagiza niendelee kuizuia mvua hivyohivyo likiwa chali. Nimemwambia nitaangalia.

Ijumaa, 22 Novemba

Mvua!

Ilianza jana mchana, ikamwagika mpaka leo asubuhi. Nyasi za paa letu zimevuja kila mahali. Sultani alikuja amelowa chapachapa, magunia yake yanachuruzika, akachukua betri bila salamu.

Nikatoka uani, nikakuta wanawake wamejaa. Dishi limejaa maji! Pomoni, safi, mpaka chini unaiona lami. Halikuvuja hata tone. Veridiana alikuwa katikati yao anagawa kwa kata. Alijaza ndoo, masufuria, mitungi, mpaka beseni la kufulia, na bado dishi halijapungua nusu. Wale wale waliomweka mwisho wa foleni walikuwa wanamshukuru. Alikuwa anacheka. Sijamsikia akicheka tangu Upendo aende bweni.

Fakihi naye akaja, akapiga ubavu wa dishi kwa kiganja. Akasema kwa kweli ni chombo, na mvua zikikolea litatosha nyumba tatu bila mtu kushuka bondeni. Akaniita fundi. Mbele za watu!

Nikapiga magoti kukagua mkunjo. Balaa! Uzito wa maji umelibonyeza dishi katikati. Kidogo, lakini mawimbi hayajui kidogo. Usiku mmoja tena wa mvua na kazi yangu yote ingekuwa sufuria.

Nikasubiri wanawake waondoke na Veridiana aende kumwuliza shangazi yake kama ana mitungi zaidi. Nikachukua nyundo na msumari wa inchi sita. Nimetoboa matundu ishirini, kwa mpangilio mzuri. Maji yameondoka yote. Mkunjo umerudi wenyewe. Nimefurahi sana.

Jumamosi, 23 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Alirudi jana na mitungi miwili kichwani, akimkaribisha shangazi yake aje kuona. Dishi tupu. Uwanja mzima matope. Shangazi akageuka akaenda zake.

Veridiana alitua mitungi. Akapitisha kidole kwenye tundu moja baada ya jingine. Nikamweleza habari ya uzito. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, polepole, kwamba maisha yake yote amekuwa mtu wa kusubiri.

"Mimi nilitaka maji ya kunywa, Baba Upendo. Wewe ulitaka maji ya kuona."

Leo asubuhi kafunga kanga zake. Kaenda kwao Chiwata. Wanawake wa jirani wamembebea mzigo mpaka barabarani, kwa ajili ya mgongo. Hakuna aliyeniaga. Fakihi alinipa pole, nikaikataa.

Jumapili, 1 Desemba

Mvua imekatika tena. Maji aliyoyaacha Veridiana yamekwisha.

Nimeshuka bondeni mwenyewe, na ndoo. Nimewekwa mwisho wa foleni. Kupanda, maji yalinimwagikia shingoni mpaka kiunoni, nikafika na robo. Sasa nimelala kwa ubavu kwa sababu siwezi kulala kwa mgongo. Ming'oko nimeiunguza. Nyumba kimya, hata kuku wanaingia wenyewe na kutoka. Kuna wakati leo nilisahau, nikamwita, nikakaa namngojea aitike.

Namtaka mke wangu. Nimeandika, na itabaki hivyo.

Nimefikiri sana kosa liko wapi. Nimelipata. Dishi lilikuwa dogo. La mnarani ni kubwa mara mbili, na bati lake nene, halibonyei. Bati langu lilikuwa la geji hafifu. Mama Upendo alinunua rahisi, simlaumu.

Kesho naenda Chiwata kumwomba radhi, mbele ya wazazi wake, kwa magoti. Nitasema yote. Nimepata habari kwamba baba mkwe ameezeka nyumba nzima mwezi uliopita. Mabati mapya, geji nene, hayana hata kutu.

Nimefunga shati la kanisani, jogoo wa kumpelekea mama mkwe, futi kamba, na mkasi wa bati.